Dosie ya Madamu

Bahasha ilikaa chini ya vitenge vyangu, ndani ya sanduku la bati, zaidi ya miaka miwili. Ni bahasha ya kaki, ya zile wanazouza mbele ya ofisi ya serikali, na juu yake kuna mwandiko wangu mimi mwenyewe. Kila nilipofungua sanduku kutafuta kitenge cha kubebea mutoto, iliniangalia. Najua karatasi haina macho. Iliniangalia.

Ndani yake kulikuwa na maisha ya mwanamke mwingine: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ualimu kile chenyewe, siyo kopi, foto nne ndogo, na barua ya kuomba awekwe katika listi ya wanaogombea ubunge wa jimbo. Wanawake wenzangu wakiniuliza mbona nina hasira siku hizi, mbona napigia watoto kelele, mbona namjibu mume wangu kama mutu anayepasua kuni, nilisema ni uchovu wa shamba. Hasira nilikuwa nayo kwa wanaume wa siasa, na bado ninayo. Lakini mzizi wake ulikuwa ndani ya sanduku langu.

Mwenye dosie ile, mwenye karatasi zile zote, alinifundisha kusoma. Darasa la kwanza na la pili, katika shule ya kuta za udongo kwenye njia ya Wamaza. Kwetu mwalimu mwanamke anaitwa madamu, na huyu hata wale ambao hawakukaa darasani kwake walimuita hivyo. Marehemu mume wake alimuita hivyo. Mimi nilitoka pale nikaenda Kasongo kwa mama mudogo, nikasoma sekondari, nikapata diploma, nikaolewa hukohuko na motari, mutu wa kubeba abiria kwa pikipiki. Barabara ya kwenda kwenye dhahabu ya Salamabila ndiyo iliyokuwa na abiria, basi mume wangu akatuhamishia Kabambare. Hivyo nikarudi karibu na madamu, nikiwa na mutoto mumoja na diploma ambayo panya walianza kuisoma kabla ya mutu yeyote wa kazi.

Madamu aliniingiza katika zamu. Zamu ni kundi letu la kulima. Kila juma tunalima shamba la mumoja wetu, wote pamoja, tumejipanga mustari mumoja toka upande huu wa shamba mpaka ule, na mwenye shamba anapika. Hakuna daftari. Kila mutu anajua nani anafuata. Kuna mambo mawili tu ya kujua. La kwanza, zamu ni zamu: hata kama mumegombana mpaka kutupiana matusi kisimani, siku ya shamba lake unaenda, unalima kama shamba lako. La pili, chakula. Ukikula chakula cha mwenye shamba, umesema mbele ya wote kwamba hakuna kitu kati yako na yeye. Ndiyo maana wanawake wengine wanakula hata wakiwa wameshiba.

Katika mustari ule ndimo nilimojifunza siasa, kuliko shuleni. Madamu alikuwa anasema huku analima, bila kuinua kichwa. Alitueleza habari za mama yake, kwamba wakati wa wazungu wanawake ndio waliolima mpunga na pamba, na kapita, msimamizi wao, alipokuja kuandika mashamba aliandika majina ya wanaume waliokaa kivulini. Kisha akatueleza wakati wa chama kimoja, yeye akiwa musichana. Mukubwa akitarajiwa kufika, wasichana wa shule waliondolewa darasani juma nzima kufundishwa kucheza. Walisimama katika jua toka asubuhi, mukubwa akafika saa tisa, akashuka garini, akapunga mukono, akaingia kula.

"Kazi yetu ndani ya politiki ilikuwa kiuno," alisema. "Kichwa walituambia tuache nyumbani."

Wanawake walicheka mpaka mustari ukapinda. Mimi pia nilicheka. Halafu akatueleza wakati wa vita. Watu wa bunduki walichukua vijana wa shule wawabebeshe mizigo, na wanaume wa kijiji walikaa barazani wakitazama vidole vya miguu yao. Ni yeye na wanawake watatu waliokwenda porini na chumvi na kuku, wakakaa chini mbele ya wale watu siku nzima mpaka wakarudishiwa vijana. Siku ile hakuna aliyewaambia kwamba mambo ya utawala si ya wanawake. Amani ilipokuja kidogo, baraza likafungwa tena, nao wakarudishwa jikoni.

Basi ikatoka ile sheria ya uchaguzi: listi ambayo nusu yake ni wanawake hailipi pesa ya dhamana. Wanaume wa vyama wakaanza kutupenda. Watu ambao hawakujua kama tuna majina wakaanza kuuliza nani ana diploma, nani ana kadi, nani anaweza kupigwa foto. Madamu alielewa vizuri kabisa kwamba ni hila. Lakini alisema, mulango wakiufungua kwa hila, sisi tutaingia kwa miguu ya kweli. Alitaka jambo moja, na alilisema kwa kila mutu: daraja. Kati yetu na kituo cha afya kuna muto, na juu yake kulikuwa na miti mitatu iliyooza. Wanawake wenye uchungu walivukishwa pale wamebebwa kwenye kiti, na wakati wa mvua hawakuvukishwa. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika binti ya dada yake upande huu wa maji.

Mukono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Aliniita nimuandikie barua. Nilikaa kwenye meza yake siku nzima, nikaandika mara tatu mpaka ikatoka bila doa. Aliisoma akaishika mbali na macho yake, akanipiga kidogo begani kama alivyotupiga tukisoma vizuri.

"Mukono wako uko muzuri kunipita mimi sasa," alisema. "Uipeleke, mwanangu. Weye unajua Kasongo."

Nilikuwa naenda Kasongo hata hivyo, kwa msiba wa upande wa mume wangu. Diploma yangu pia niliitia katika mufuko, nikidhani nitapita kwenye shule moja kuuliza kazi. Siku mbili nyuma ya pikipiki, tumbo langu likiwa la miezi mitatu, bahasha ya madamu nimeifunga kifuani ndani ya plastiki isilowe. Nimeandika hili ili mujue kwamba niliibeba vizuri. Mpaka mulangoni niliibeba vizuri.

Mukubwa wa chama alikuwa mununuzi wa dhahabu wa Salamabila mwenye nyumba Kasongo. Kila mutu alimuita patroni, na ndiye alikuwa wa kwanza katika listi yake mwenyewe. Baraza yake ilijaa viti vya plastiki na watu waliomungojea. Ilipofika zamu yangu alichukua bahasha, akasoma jina juu yake, akanirudishia bila kuifungua.

"Huyu mama namujua. Iko anaongea sana," alisema. Kisha akaniangalia, siyo vibaya, kama anavyoangalia kitu kwenye mizani. "Juu ya bahasha hii nani ameandika?"

Nikasema ni mimi.

"Weye uko na diploma?"

"Niko nayo hapa."

"Basi. Mwanamke mumoja ndiye amebaki kwa listi, na leo ndiyo mwisho. Hautafanya kitu. Jina yako tu na foto. Tukishinda, nitatafuta sekretere mwenye kuandika hivi."

Akanieleza pia namna kura zinavyohesabiwa. Sitaki baadaye mutu aseme maskini, hakujua. Alinieleza kwamba kura za wote walio katika listi zinajumlishwa pamoja, na listi ikipata kiti, anayekaa ni yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndani yake. Yeye alikuwa na wachimbaji wote wa Salamabila. Kwa hiyo kura yoyote itakayokuja kwangu ilikuwa yake, ila imepita kwangu kwanza. Nilielewa papo hapo. Sikufundishwa na madamu bure.

Ningependa kuandika kwamba mume wangu alinilazimisha. Alikuwa amesimama mulangoni na kofia yake ya pikipiki mukononi, na wengi wangeamini upesi. Aliniangalia tu, na mimi nilifungua mufuko, nikatoa diploma. Muda niliofikiri hautoshi mutoto kumaliza kikombe cha maji. Kilichonipata ni kwamba toka nilipomaliza shule hakuna mutu aliyeniuliza kama ninayo ile karatasi. Nilikuwa mama wa mutoto, muke wa motari, mutu wa mustarini na jembe. Huyu alinyoosha mukono akasema, nionyeshe.

Walinipiga foto kwenye studio yenye ukuta wa maua, na koti la mwanamke mwingine. Niliweka sahihi. Bahasha ya madamu nikairudisha kifuani.

Njiani nilitunga uongo wangu taratibu, kila shimo la barabara neno moja. Nilipofika nilimwambia kwamba listi ilikuwa imejaa, kwamba dosie wameipokea na wamebaki nayo kwa ajili ya mara ingine. Kama ningesema wameikataa, ningemrudishia. Na kama ningemrudishia, angeuliza kwa nini bahasha haijafunguliwa. Uongo mumoja ukahitaji sanduku la kukaa.

Listi ilipotoka na jina langu ndani, nilimkimbilia kabla hajasikia. Nikamwambia kwamba waliniandika wenyewe kwa sababu mume wangu anawabeba kwenye pikipiki, kwamba hata mimi nimeshangaa. Nilisema nikiangalia jiwe la kusagia. Nilingoja anitukane. Kama angenitukana ningepata nafasi ya kukasirika, na mutu aliyekasirika anaweza kusema ukweli kwa bahati mbaya. Lakini alicheka, akaweka mukono wake juu ya tumbo langu.

"Tulitaka mwanamke, mwanamke ameingia," alisema. "Mimi na weye kuna nini."

Kisha akanifanyia kampanye.

Mimi nilikuwa nimevimba miguu, nilikaa nyumbani. Chama kilituletea vitenge vyenye uso wa patroni, nami nikavaa, uso wake ukikaa juu ya tumbo langu. Madamu alikataa kuvaa. Alikata kartoni ya sabuni, akachora juu yake namna mashini ya kura itakavyokuwa, vyumba vidogovidogo, katika kimoja akabandika foto yangu. Foto hiyo alikuwa ameniomba. Akazunguka nayo vijiji vya njia ya Wamaza, kwa miguu, yeye na bibi mumoja wa zamu yetu ambaye kwao ni ng'ambo ya muto. Walifundisha wanawake ambao hawajawahi kugusa simu jinsi ya kuweka kidole juu ya uso wangu. Waliporudi miguu yao ilikuwa imepasuka. Madamu aliniletea salamu za kila kijiji, akiwataja wanawake mumoja mumoja na yale waliyonituma. Wote walinituma daraja.

Mara moja tu nilisema mbele ya watu, uwanjani karibu na kanisa. Wanawake wa msikiti pia walikuja. Nilisema juu ya daraja, na nilisema vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lote. Kama ningegugumiza, ningeweza kujiambia kwamba hawakunisadiki.

Siku ya kura walikuja kabla jua halijapanda. Wengine walikuwa wamelala njiani. Walishika viatu mukononi wasivichafue, wakavivaa mulangoni pa shule kana kwamba wanaingia harusini. Yule bibi wa ng'ambo alipotoka alinifuata pale nilipokaa, akaniambia amekandamiza uso wangu kwa nguvu mpaka mutu wa mashini akamwambia, mama, toa kidole, inatosha. Alinionyesha kidole chenyewe, cheusi kwa wino, kwa fahari.

Matokeo yalibandikwa ukutani mwa shule. Patroni alikuwa wa kwanza, kwa kura za machimbo. Wa pili katika listi nzima nilikuwa mimi, mutu ambaye kazi yake ilikuwa kujaza nafasi. Bila kura zangu listi isingefika kiti. Madamu alisoma karatasi ile mara mbili, akipitisha kidole mustari kwa mustari. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tumeshindwa vizuri, mara ijayo tutapita. Hakujua kwamba hatukushindwa. Tulishinda kabisa, tulimchagua mununuzi wa dhahabu.

Patroni akaenda Kindu, kwenye bunge la jimbo, kukaa kwenye kiti chake. Hatujamuona tena, ila kwenye kalenda. Mimi nilipiga simu juu ya ile kazi ya sekretere mpaka namba yake ikaacha kuita. Msinihurumie kwa hilo. Ningemlaani vizuri zaidi kama nisingekuwa nimetaka sehemu yangu.

Wanawake walianza kuniita mama onorable, jina la heshima la wabunge. Mwanzo walimaanisha. Baadaye ikawa mzaha wa shambani, onorable, sogea, unakanyaga karanga. Baadaye tena ikawa kama swali. Mvua ya mwaka jana ilichukua miti miwili kati ya ile mitatu ya muto. Mujukuu wa yule bibi wa ng'ambo, wa binti yake aliyeolewa upande wetu, alizaliwa hapo kandokando ya maji, chini ya jani la ndizi, na kwa bahati alipona, yeye na mama yake. Bibi alinihadithia akicheka, akiigiza jinsi wanaume walivyogeuza migongo. Hakunilaumu hata kidogo. Nilimpa chumvi na sabuni apelekee mzazi.

Na bado sikusema.

Kilichonitoa ni kontrole ya walimu. Walitangaza kwamba kila mwalimu alete vyeti vyake vyenyewe, kopi haikubaliwi, na asiyekuwa navyo jina lake linafutwa. Madamu alikuwa amebakiza kidogo kupumzika, miaka yake yote ya chaki ikingoja karatasi moja. Alikuja kwangu. Kiti chetu kilikuwa na mguu uliovunjika, basi alikaa mahali wageni wanapokaa, juu ya sanduku la bati.

Alikaa juu ya dosie yake, akaniomba nimuandikie barua kwa chama warudishe dosie yake.

Niliandika. Ndiyo, nilichukua kalamu nikaandika, kwa heshima zote, Bwana Mukubwa, ninayo heshima kuomba. Mutoto alikuwa ananivuta kitenge. Madamu alimchukua, akamuweka magotini, akaanza kumfundisha kuhesabu vidole. Nilipomaliza alinishukuru, akafunga barua katika pindo la kitenge chake. Motari mumoja aliipeleka Kasongo, na bila shaka jibu halikuja. Zilipobaki siku chache za kontrole, madamu aliniambia kisimani, kama mutu anayesema habari ya mvua, kwamba labda Mungu ameona amefundisha vya kutosha.

Siku iliyofuata ilikuwa shamba la bibi wa ng'ambo. Nilikwenda na bahasha ndani ya kikapu, chini ya jembe. Ningeweza kumpelekea nyumbani, wawili tu. Nilifikiri hilo pia. Lakini wale wengine pia walitembea kunipigia kura. Nilingoja wakati wa kupumzika, wakati wamekaa kwenye majani na kupitishiana maji, nikaitoa, nikaiweka mbele ya madamu. Nilisema vibaya. Uwanjani karibu na kanisa nilisema vizuri, hapa nilisema vibaya. Nilianza mwishoni, nikarudi mwanzo, nikasahau mambo ya patroni, nikayarudia. Lakini nilisema yote, hata foto, hata ile barua niliyoandika huku amekaa juu ya sanduku.

Madamu alifungua bahasha. Alitoa karatasi moja moja, akaangalia kila moja pande zote mbili, jinsi alivyokagua vibao vyetu. Mwisho akatoa barua, na barua ilikuwa bado imefungwa kwa gundi niliyoipaka mimi.

Mwanamke mumoja wetu ni mutu wa utani, hawezi kunyamaza hata msibani. Ndiye alisema kwanza.

"Kumbe bunge lilikuwa linalala chini ya vitenge."

Hakuna aliyecheka. Yule bibi alikuwa anaangalia kidole chake.

"Sasa mimi," aliniuliza polepole, "hii kidole nilimuchagulia nani?"

"Yule wa Salamabila, mama."

Akakifuta kwenye kitenge, kana kwamba wino ulikuwa bado pale.

Madamu alirudisha karatasi ndani ya bahasha. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya darasani.

"Ulikuwa unataka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi, juu ya mume, juu ya njaa, juu ya wanaume wanavyotuchezea. Yote ni kweli, na hakuna lililokuwa jibu.

"Nilitaka jina yangu iandikwe mahali."

"Ungeniomba," alisema, "ningekupa."

Kisha akasimama, akachukua jembe, akarudi mahali pake katika mustari. Wengine wakafuata. Nami nikaingia mahali pangu, na wanawake wa kulia na kushoto kwangu hawakusogea karibu wala hawakusogea mbali. Tulilima mpaka mwisho. Sikukula chakula cha bibi, nilijiona sina mukono wa kutia katika sahani yake. Kesho yake madamu alipeleka vyeti vyake. Ilikuwa siku ya mwisho ya kontrole, jina lake likabaki. Habari hiyo niliisikia kwa watu wengine.

Juma lililofuata zamu ilikuwa yangu.

Nililala nikijiambia hawatakuja. Asubuhi nilipika hata hivyo. Nilipika mchele wote uliokuwa ndani ya nyumba, sombe ya majani ya muhogo niliyoitia karanga, na ndagala, samaki wale wadogo, niliyonunua kwa mwanamke anayetoka upande wa ziwa. Nilipika kama mutu anayeoza binti. Nikabeba sufuria mpaka shambani, mutoto mugongoni, nikakaa nikiangalia njia.

Walikuja wote. Hata bibi wa ng'ambo alikuja, na muto ulikuwa umejaa. Walinisalimu, wakauliza mustari unaanzia wapi. Walilima shamba langu vizuri kuliko nilivyowahi kulima mashamba yao. Waling'oa mizizi ya majani, siyo kuyakata juu tu kama wanavyofanya watu wenye haraka. Walisema habari za watoto, habari za bei ya chumvi. Hakuna aliyeniita onorable. Nilikuwa tayari kutukanwa. Niliutamani utani ule kama mutu mwenye kiu.

Tulipomaliza nilifunua sufuria. Niliweka maji ya kunawa. Mwanamke wa utani alichungulia ndani, na niliona pua yake ikinusa ndagala, maskini, anaipenda. Aliangalia pembeni. Mumoja akasema mutoto wake ana homa. Mwingine akasema jua limeshuka. Wakafunga vitenge vyao, wakaweka majembe begani, wakaondoka mumoja mumoja kwa heshima. Maji ya kunawa yalibaki safi.

Madamu alikuwa wa mwisho. Alikaa juu ya kisiki, akatoa katika pindo la kitenge ile barua ya zamani. Alikuwa amekwisha kuifungua. Mikunjo yake ilikuwa imechoka, nadhani aliisoma mara nyingi.

"Tarehe imepita," alisema. "Andika ingine."

Nilimuuliza kama ni ya kura.

"Ya kura. Daraja bado haiko. Mahali pa tarehe uache wazi, hatujui watapanga lini."

Alikuwa amekuja na karatasi na kalamu. Niliandika juu ya goti langu, juu ya mfuniko wa sufuria, mutoto akilia mugongoni. Alisoma mpaka mwisho akiishikilia mbali na macho. Alinionyesha neno moja, nikalirekebisha. Hakunigusa begani.

Nilimwambia kwamba siku itakapofika nitaipeleka Kasongo mimi mwenyewe, kwa miguu kama ni lazima.

"Kuandika, utaandika," alisema madamu, akikunja barua. "Kubeba, nitabeba mwenyewe."

Akaondoka kwa njia ya Wamaza, na mimi nikabeba sufuria kichwani kurudi nyumbani. Ilikuwa nzito kama nilivyoileta. Mume wangu aliporudi na pikipiki aliifunua, akaangalia, akauliza kama wamama wa zamu hawakuja leo.

Nikamwambia walikuja wote.